Ranwei Ikiisha na Ndege Bado Inakuja: Stori Kamili ya Ajali za Kutua kwa Ndege Ndogo

Wasee wa Changamwe hawana haja ya kuelezwa ndege ni nini. Ukikaa Magongo ama Port Reitz unazisikia kabla hujapiga mswaki. Lakini uliza pale base kwa nini ndege ndogo hupitiliza lami, na utapewa majibu matatu chap chap: breki zilikufa, rubani alikuwa amelewa, ama kuna mtu alirogwa. Mara nyingi breki huwa nzima, rubani hajagusa kitu, na mganga hana kesi ya kujibu. Ndege ilifika chini na mbio nyingi kuliko inavyofaa, ikagusa lami mbali kuliko inavyofaa, halafu lami ikaisha.

Hiyo lami vitabu huiita njia ya kurukia ndege. Hapa tutaiita ranwei, maana ndivyo mtaa unavyoiita. Kupitiliza ranwei ni ndege kutokea upande wa mwisho, iwe ilikuwa inatua ama ilikuwa inashika mbio kuruka ikashindwa. Kutoka kwa pembeni ni kitu kingine, na mara nyingi huletwa na upepo wa ubavuni. Kuna kufika chini kabla ya ranwei, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Halafu kuna kudunda: ndege inagusa chini kwa nguvu, inaruka kama mpira, rubani anashtuka na kusukuma pua chini, inadunda tena, na kufikia mdundo wa tatu mguu wa mbele unavunjika. Kutua kwa tumbo pia kupo, rubani akisahau kutoa magurudumu. Lakini Cessna 172 na zile Caravan unazoziona Ukunda miguu yake haikunjwi, kwa hivyo hiyo si shida yao.

Tuelewane pia kuhusu kitu ambacho hakiko hapa. Ile Caravan iliyotoka Ukunda kwenda Kichwa Tembo tarehe 28 Oktoba 2025, ikaanguka Tsimba Golini, Kwale, na kuua wote 11 waliokuwa ndani, haikuwa ajali ya kutua. Hiyo ni ya safarini, na kila mara watu wanazichanganya.

Ile Fokker iliyokuwa inakuja Mombasa

Kisa ambacho wengi wa huku wanakumbuka ni cha 11 Oktoba 2019. Fokker 50 ya Silverstone Air ilikuwa Wilson, Nairobi, ije Mombasa halafu iendelee Lamu. Ndani kulikuwa na abiria 50 na wafanyakazi 5. Ikiwa inashika mbio kuruka, ikatoka kwenye ranwei, ikakata nyasi na kuishia vichakani kwenye miti. Kuna walioumia, lakini hakuna aliyefariki. Kabla wiki tatu kuisha, tarehe 28 mwezi huo huo, Dash 8 ya kampuni hiyo hiyo ikadondosha gurudumu wakati inaruka kutoka Lodwar. Novemba, KCAA, ile mamlaka ya kusimamia usafiri wa anga, ikazisimamisha Dash 8 zao.

Watu 55, na wote wakatoka hai. Hiyo si bahati peke yake. Ndege kutoka nje ya ranwei ni kati ya ajali zinazotokea mara nyingi sana duniani, na wengi hupona, kwa sababu ndege tayari iko chini na mbio zinapungua. Kinachoua ni kile kitu kilichoko baada ya lami. Nyasi tupu zitakuachia suruali chafu. Mtaro, ukuta, mti mkubwa, maji ama keja ya mtu, hapo hesabu inabadilika.

Linganisha na Bukoba, Tanzania. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilikuwa inakaribia kutua hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaingia Ziwa Victoria kabla ya kufika ranwei. Kati ya watu 43 waliokuwa ndani, 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo. Waliofika kwanza kuokoa hawakuwa wazima moto, walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa nini ndege haisimami

Chukua Cessna 172, hii ndege ya watu wanne ambayo wanafunzi wa urubani karibu wote wanaanza nayo. Inakuja kutua ikiwa na mbio za kama kilomita 120 kwa saa. Kitabu chake kinasema kwamba, karibu na usawa wa bahari, bila upepo na kwenye lami kavu, ikipita mwanzo wa ranwei ikiwa mita 15 juu, inahitaji kama mita 400 kushuka na kusimama kabisa. Kati ya hizo, kubingirika kwenyewe ni chini ya mita 200. Ukisoma hivyo utasema, kwani shida iko wapi? Ranwei ya Malindi ina karibu mita 1,400!

Shida ni kwamba hizo namba ni za rubani aliyefanya kila kitu fiti. Sasa ongeza mbio. Nguvu ambayo breki zinafaa kuimaliza haiongezeki sawa na mbio, inaongezeka kwa mraba wake. Ukija na kilomita 138 badala ya 120, hapo umeongeza asilimia 15 tu ya mbio, lakini kazi ya kusimama imeongezeka kwa karibu theluthi moja. Mtu wa nduthi anaijua hii bila daftari. Ukiwa na 40 unasimama mbele ya punda, ukiwa na 80 unasimama juu yake.

Ongeza urefu. Ukipita mwanzo wa ranwei ukiwa juu zaidi kwa mita 3 tu, utagusa lami kama mita 60 mbele zaidi. Halafu kuna hii mambo ya kuelea: ndege ikiwa karibu sana na lami, hewa iliyobanwa chini ya mabawa inaibeba, haitaki kukaa. Rubani aliyekuja na mbio nyingi anabaki anateleza hewani, magurudumu yako nusu mita kutoka chini, na lami inapita chini yake kama stima ya tokeni.

Ongeza upepo wa nyuma. Kitabu cha hiyo Cessna kinataka uongeze asilimia 10 ya umbali kwa kila kilomita 4 hivi za upepo unaokusukuma kutoka nyuma. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ule wa kupeperusha leso tu, tayari umeongeza nusu ya umbali mzima. Kama ni kiwanja cha nyasi, kubingirika kunaongezeka kwa asilimia 45 hata kama nyasi ni kavu.

Halafu mvua. Maji yakijaa juu ya lami, tairi inaweza kupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami kabisa. Kwa tairi yenye presha ya kama 29, ambayo ni kama ya gari la kawaida, hiyo huanza kwenye kilomita 90 kwa saa hivi. Rubani anakanyaga breki, breki zinashika vizuri sana, tairi zimesimama kabisa, na ndege inaendelea na safari yake.

Hakuna hata moja ya hizo ambayo peke yake inamaliza mita 1,400. Ripoti za ajali hizi zikitoka, huwa ni mchanganyiko: juu kidogo, mbio kidogo, upepo kidogo, maji kidogo, na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika.

Kaskazi, kusi na lami ya Port Reitz

Uwanja wa Moi ulianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo wazee wanauita Port Reitz. Una ranwei mbili. Kubwa ina zaidi ya kilomita 3.3, na imelala kutoka kusini-kusini-magharibi kwenda kaskazini-kaskazini-mashariki. Upande mmoja umeandikwa 03, mwingine 21. Hizo si namba za bahati nasibu, ni dira iliyokatwa sufuri: nyuzi 30 na nyuzi 210. Ranwei ndogo, 15 na 33, ina kama kilomita 1.26 na imeikata hiyo kubwa kwa pembe.

Sasa mtu wa Pwani ana faida hapa kuliko msee wa Nairobi. Ndege hutaka kutua ikiwa imeelekea upepo, ili upepo uisaidie kupunguza mbio. Na upepo wetu una ratiba. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi hivi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo ndege zinaingia na 03, zikipita juu ya Dongo Kundu na maji ya Port Reitz. Kusi ikishika kuanzia Aprili, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na mara nyingi mambo hugeuka, ndege zinakuja na 21 kutoka upande wa Jomvu na Mikindani. Wavuvi wa Likoni wanajua hizi pepo kabla ya rubani yeyote kufungua kitabu.

Lakini kusi haiji imenyooka na ranwei kubwa. Inakuja kwa pembeni. Ndege kubwa nzito haijali sana. Cessna yenye uzito wa tani moja na kidogo inajali, kwa sababu upepo wa ubavuni unainua bawa moja na kuigeuza pua upande ule upepo unatoka. Rubani anafika chini akiwa amekaa upande upande kama kaa, na inabidi ainyooshe sekunde ya mwisho. Akichelewa, tairi zinagusa zikiwa zimeangalia kando, na hapo ndipo ndege huchomoka ranwei kwa pembeni. Ile ranwei ndogo ya 15 imeelekea kusini-mashariki, karibu machoni pa kusi kabisa. Sijui kama aliyeichora aliwahi kupanda mashua, lakini nahodha yeyote angemsifu.

Jambo lingine: Mombasa iko mita 61 tu juu ya bahari, Wilson iko karibu mita 1,690. Hewa ya Wilson ni nyepesi. Saa ya mbio ndani ya ndege inaweza kusoma namba ile ile, lakini kwa ukweli ardhi inapita chini yako kwa mbio zilizozidi kama asilimia 9. Ukikumbuka ile habari ya mraba, ni kama asilimia 18 zaidi ya kazi kwa breki. Na ranwei za Wilson ni za kama kilomita moja na nusu. Rubani aliyejifunzia Pwani akipanda Nairobi anafaa kuwa na heshima.

Rubani mnoma ni yule anayerudi juu

Hii sehemu ndiyo ningependa kila anayesafiri aishike. Dawa ya karibu kila ajali ya kutua ipo na haihitaji mtambo wowote: ukiona mambo hayajakaa sawa, weka nguvu, panda, zunguka, jaribu tena. Kanuni inayofundishwa kwa ndege za abiria ni kwamba, kufikia futi 500 juu ya ardhi kukiwa kweupe, ama futi 1,000 kukiwa na mawingu, kila kitu kiwe kimetulia: mbio, mwelekeo, kasi ya kushuka. Kama hakijatulia, hakuna mjadala.

Sasa sikia hii. Flight Safety Foundation, shirika la kimataifa la usalama wa anga, lilichunguza ndege za abiria zinazokuja kutua wakati mambo hayajatulia, na likapata ni kama asilimia 3 tu ndizo zilizorudi juu. Zingine zote ziliendelea kushuka. Nyingi zilitua bila shida, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu rubani anajifunza kwamba inawezekana.

Sisi abiria tuna mkono wetu hapo. Ndege ikirudi juu, kuna mtu ataanza kulia, mwingine anarekodi video, na jioni kichwa cha habari ni "Abiria Waponea Chupuchupu". Kurudi juu si chupuchupu, ni mazoezi ya kawaida. Mwenye hoteli Diani anayempigia rubani simu kila dakika kumi kuuliza wageni wake wamefika wapi, huyo ndiye hatari zaidi kuliko wingu.

Mahali lami inaishia

Rubani akikosea, kinachobaki ni nafasi. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linataka mita 60 za ukanda mtupu baada ya mwisho wa ranwei, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90. Kwa ranwei kubwa linapendekeza mita 240. Mahali nafasi imekosekana, kuna viwanja vilivyoweka saruji nyepesi iliyojaa mapovu, ambayo ndege ikipita inavunjika na kuyameza magurudumu. Mei 1999, Saab 340 ilipitiliza lami JFK, New York, na saruji hiyo ikaikamata kabla haijaingia majini.

Huku kwetu nafasi ni siasa. Malindi wamezungumzia kurefusha ranwei miaka mingi, na kila mara stori inaishia kwa ardhi na fidia. Mwenye shamba ana haki yake. Huwezi kumwambia ahame kwa ahadi. Lakini kila mwaka mazungumzo yakichelewa, keja mpya zinasimama karibu na ua, na bei ya kuhamisha watu inapanda.

Ukitaka kuona mwisho wa hiyo barabara, angalia Goma, mashariki ya Congo. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi juu ya ranwei na kuifupisha. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza, ikaingia moja kwa moja mtaa wa Birere uliobanana na uwanja. Watu kama 40 walifariki, na wengi wao hawakuwa hata na tiketi. Walikuwa sokoni.

Na ndege si lazima iwe kubwa. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri wapya wa serikali ya Kibaki iliruka kutoka kiwanja kidogo cha Busia ikagonga nyaya za stima. Waziri wa Leba Ahmed Khalif na marubani wawili wakafariki. Karibu zaidi na sisi, tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Watatu waliokuwa ndani walitoka hai. Watatu waliofariki walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Hiyo haikuwa kupitiliza ranwei, lakini inaonyesha kwa nini jirani wa uwanja ana sauti katika hii mambo sawa na abiria. Plani ya mtaa ikija kujadiliwa, iwe Port Reitz, Chaani ama Magongo, uliza laini ya kutua inapita wapi na jengo linaruhusiwa kwenda juu kiasi gani. Hayo maswali KCAA inafaa kuyajibu, maana jengo refu karibu na uwanja linahitaji idhini yake.

Ukiwa ndani, na ukiwa nje

Ukipanda, hesabu viti kutoka chako hadi mlango, kwa vidole, kwa sababu moshi ukijaa hutaona. Funga mkanda chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga. Ikitokea, acha begi. Hiyo laptopu utanunua nyingine ama utakopa. Kwenye ndege ndogo subiri pangaboi isimame kwanza, halafu uelekee nyuma ya bawa, usikimbilie mbele.

Kama unaenda Lamu juu ya maji, usijaze jaketi la kuokoa maisha ukiwa bado ndani. Novemba 1996 Ethiopian 961 ilipoingia baharini Comoro baada ya kutekwa, kuna abiria waliojaza jaketi zao mapema. Maji yakaingia, wakaelea hadi darini, na hawakuweza kupiga mbizi kufikia mlango. Watu 125 kati ya 175 walifariki.

Ukiwa nje na ndege imeanguka mtaani, mafuta yake yanashika moto kama petroli, na huu si wakati wa mtungi. Sachang'wan Januari 2009 ilichukua zaidi ya watu 100 waliokimbilia lori la mafuta. Saidia waliotoka, weka wenye sigara mbali, fungulia ambulensi njia. Usibebe hata bawaba. Kile chuma unachotaka kupeleka kwa mtu wa skrepu ndicho AAID, idara ya kuchunguza ajali za ndege, wanakitafuta. Alama za tairi kwenye lami na nyasi nazo ni ushahidi, kwa hivyo boda zisipite juu yake kwenda kupiga picha.

Kazi ya hao wachunguzi si kumfunga mtu. Kwa sheria za kimataifa, ripoti ya mwanzo inafaa kuwa tayari ndani ya siku 30, na ile kamili ndani ya mwaka mmoja ikiwezekana. Ndani yake ndimo utakuta ndege iligusa lami mita ya 200 ama ya 700, upepo ulikuwa unatoka wapi, na kama kuna mtu alifikiria kurudi juu.